Siku Dada Alipopima Sikio la Baba

Mtaani kwetu dada yangu mkubwa anaitwa Fundi Masikio. Ukiulizia nyumba yetu kwa jina la ukoo utazungushwa mpaka uchoke, lakini sema kwa Fundi Masikio, hata muuza mkaa atakufikisha mlangoni. Kazi yake ni kuwavisha watu mashine za kusikia katika kliniki iliyo nyuma ya hospitali, chumba kidogo chenye mlango mnene na zulia mpaka ukutani. Ukiingia mle unajisikia ukimeza mate. Ni mtu safi, mwepesi wa mikono, na maringo kidogo anayo, nisiseme uongo. Koti lake jeupe hulipiga pasi mpaka mifuko.

Baba yetu alisimamia mashine ya kusaga unga tangu ujana wake hadi alipostaafu, na ile mashine ndiyo iliyomla masikio. Sisi watoto tulijifunza kuzungumza naye kwa kupaza sauti, na mpaka leo wageni hudhani tunagombana. Dada alipoajiriwa kliniki, mtu wa kwanza kumvisha alikuwa Baba. Alimpima usikivu, akaingiza majibu kwenye kompyuta, kompyuta ikajipangia sauti yenyewe, naye akamtundikia vile vidude nyuma ya masikio. Kisha akamuuliza, kama alivyokuja kuwauliza wengine wote, "Baba, unanisikia vizuri?"

"Vizuri sana, mama," Baba akajibu.

Basi tangu siku hiyo ukimuuliza Baba lolote anakwambia ndiyo. Baba, utakunywa chai? Ndiyo. Chai au uji? Ndiyo. Tukampachika jina la Mzee Ndiyo, na mimi ndiye niliyecheka kuliko wote, mjinga mimi. Tulidhani ni uzee tu, au amechoka kubishana na watoto.

Kisha Mama akaugua. Siku moja wodini, muda wa kutazama wagonjwa ulipokuwa unaisha, Mama alimshika Baba mkono akamwambia kwa sauti ndogo, "Usiende nyumbani leo. Kaa na mimi." Dada alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda, akasikia neno kwa neno. Baba akatabasamu, akaitikia kwa kichwa, akamwekea Mama shuka vizuri, akachukua kofia yake akaondoka. Kulipokucha Mama hatukuwa naye tena.

Dada hakumwambia Baba kitu. Aliniambia mimi kwa simu, ameuma meno: "Kamkubalia kwa kichwa, halafu kampa mgongo." Kuanzia hapo akawa anamsalimia Baba kama anavyomsalimia mpangaji wa chumba cha uani. Shikamoo kavu, chakula mezani, basi. Baba naye hakuuliza. Nami nilimuunga dada mkono, tena kwa moyo wote, maana nilishaamua kwamba mzee wetu ana roho ngumu.

Sasa juzijuzi kliniki ikaletewa mashine mpya. Wanaingiza mrija laini, mwembamba kama utambi, ndani ya sikio lililovaa kifaa. Spika inazungumza, na skrini inachora mistari miwili. Wa kijani ni sauti inayotakiwa kulifikia sikio la mtu huyo, mwekundu ni ile inayofika kweli. Daktari mkuu, mama mmoja mpole, akataka ionyeshwe mbele ya wafanyakazi wote. Dada akajitolea kumleta Baba. Alisema masikio yale ameyavisha kwa mkono wake, hayana kasoro.

Mimi ndiye niliyempeleka mzee. Alivaa suti yake ya kuendea harusini.

Dada alieleza vizuri sana, kila mtu akaandika. Akaweka mrija kwenye sikio la kulia, akabonyeza. Mstari wa kijani ulikuwa juu. Mwekundu ukalala chini kabisa, haukuinuka. Dada akauchomoa mrija, akaufuta, akaurudisha, akabonyeza tena. Ukalala palepale.

"Hebu tazama kipira," daktari mkuu akasema taratibu. Kile kipira cha kuziba sikio kilikuwa kidogo, kinapwaya, sauti inavuja nje. Na hiyo sauti yenyewe kompyuta ilikuwa imeipanga kwa kukadiria sikio la mtu wa wastani, si la Baba. Mzee wetu hakuwa amevishwa kitu. Alikuwa ametundikiwa.

Dada akainama mbele yake. "Baba, siku zote hizi ulikuwa unanisikia kweli?"

Baba aliona midomo inacheza, akaona watu wamesimama na kalamu. Akamgeukia daktari mkuu. "Ndiyo," akasema. "Vizuri sana. Binti yangu anaijua kazi yake."

Hakuna aliyecheka. Jasho lilimtoka dada mpaka kwenye kola, na mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Daktari mkuu akawaambia watu wakanywe chai, naye akatoka nao.

Dada akatafuta kipira kikubwa zaidi, akakivisha. Akapandisha sauti kidogo kidogo mpaka mwekundu ukaufikia wa kijani. Kisha akaenda akasimama nyuma ya kiti, asionekane midomo, akaita kwa sauti ya kawaida, "Baba."

Baba akageuka. "Kumbe una sauti ya mama yako," akasema.

"Kwa nini hukuniambia kwamba husikii?"

"Ningesemaje? Ulikuwa na koti jipya, mkubwa wako kasimama pale. Niseme mwanangu hajui kazi? Nikajua ubovu ni wangu." Akaishika kofia yake magotini. "Siku ile wodini, mama yako aliniambia nini?"

Dada akanitazama. Angeweza kusema lolote zuri, mzee angelipokea, na mimi nilikuwa namwomba kwa macho aseme hilo lolote.

"Alisema usiende nyumbani," dada akajibu. "Ukae naye."

Baba aliizungusha kofia, akaizungusha tena. "Nilidhani ananiambia nikapumzike." Halafu akamtazama dada. "Kwa hiyo ndiyo maana."

Hakumalizia, wala hapakuwa na haja. Dada alipiga magoti pale kwenye zulia aombe radhi. Aibu ilimjaa hata akashindwa kuinua uso, akabaki anaviangalia viatu vya Baba. Nami nikajifanya kusaidia, nikasema hatukujua, Baba. Mzee alimwacha dada hapo chini kwa muda, wala hakumshika kichwa.

Mwishowe akageuza shingo, akampa sikio la kushoto, lenye kile kipira cha zamani. Dada akajikokota, akachukua mrija, na kwa mazoea tu akaanza, "Na huku je, unasikia—"

"Usiniulize," Baba akasema. "Pima."