Tangazo Nililolisikia Peke Yangu Juba

Nimekosa, na sina wa kumlaumu. Jina langu niachieni. Nilimnyima mama wa watu nafasi ya kumzika mama yake, kwa sababu tu niliogopa kujulikana kuwa nasikiliza redio.

Ilikuwa Juba, miaka ile ya amani kabla ya kura ya kujitenga na Sudan. Nilikuwa karani wa stoo katika shirika moja, nikikaa mtaa wa Gudele. Nililelewa Kitale, Kenya, na niliporudi kwetu Juba sikujua kwamba Kitale ingenisumbua moyoni kiasi kile.

Siku moja mhasibu wetu akanionyesha kuwa redio ya kule husikika kwa kompyuta. Unafungua ukurasa wao, unabonyeza palipoandikwa sikiliza, halafu unavumilia. Ikakwama, ikakohoa, kisha nikasikia mtu akisoma bei ya mahindi ya Kitale. Machozi yalinitoka, sioni haya kusema. Tangu hapo waya za masikioni hazikunitoka.

Kumbe redio inakula intaneti! Dishi letu lilikuwa dogo, ripoti zikawa haziendi. Bosi akaita mkutano, akasema atakayepatikana na muziki au redio atafungasha. Akatuuliza mmoja mmoja. Mimi nikasema simo. Kesho yake nikafungua tena, sauti chini.

Jumatano moja, saa nne asubuhi, wakasoma matangazo ya vifo. Bibi mmoja wa Busia, upande wa Uganda, mazishi Jumamosi. Wakataja watoto wake, na mwisho wakasema, "na Mama Nekesa, mpishi huko Juba, popote alipo aombwa kurudi nyumbani."

Mama Nekesa ndiye aliyekuwa akitupikia. Wakati huo huo alikuwa nyuma ya ofisi akisonga posho, yaani ugali.

Nilienda jikoni. Naapa nilienda nikiwa na nia ya kusema. Aliponiona akacheka.

"Wewe iko na njaa mapema hivi? Kaa, mimi napatia wewe chai."

Nikakaa, nikanywa. Laini za simu zilikuwa zimekufa wiki nzima, kwa hiyo nisingeweza kudanganya kuwa nimepigiwa. Angeniuliza nimesikia wapi, na jibu lilikuwa moja tu. Nikajiambia watu wake watamtafuta wenyewe. Basi la Alhamisi likaenda Kampala bila yeye. La Ijumaa pia.

Jumatatu abiria mmoja akamletea barua ya kaka yake. Alikaa chini kando ya jiko, barua mapajani, posho ikiungua. Hakulia mara moja. Akaniita mimi, maana alijua nilikulia Kitale, pande za kwao.

"Kaka yangu anasema walitangaza kwa redio siku tatu. Hapa Juba hakuna mtu alisikia?"

"Haifiki huku, mama," nikamwambia.

Hata hapo bado ningeweza kusema! Yeye akanipapasa mkono. "Malesh, pole mwanangu," akasema, kana kwamba ni mimi niliyefiwa, na ndipo akaanza kulia.

Kazi sikuipoteza. Aliendelea kunipikia miezi mingi, akiniwekea ukoko pembeni kwa sababu alinihesabu mtoto wa kwao, nami nikawa namrudishia sahani nusu nikisingizia tumbo. Redio ile sikuifungua tena. Mpaka leo nikisikia matangazo ya vifo yakianza popote, naondoka.

Ndugu zangu, ukiangukiwa na habari ya msiba wa mtu, mpelekee siku hiyo hiyo. Kama umeipata mahali pa kukuaibisha, kubali uaibike. Kazi nyingine hutafutwa, lakini mama hazikwi mara mbili.

Na wewe Mama Nekesa, kama kuna wa kukusomea haya: redio ilifika, mama. Niliisikia mimi.