Kengele ya Ndiva ya Mwalimu Eliwaza

Mwalimu Eliwaza hakuweza kukaa bure. Akitoka darasani, pale shule ya misheni milimani juu ya Gonja, alivua viatu, akafunga kanga kiunoni na kushika msumeno aliorithi kwa baba yake, fundi seremala. Hakuwa na nia ya kuuza chochote. Alimtazama mtu, akaona kinachomsumbua, na wiki mbili baadaye akamletea kitu cha mbao au cha bati. Mwalimu mkuu Tumainieli, aliyepoteza miwani yake kila siku, alipata kisanduku cha kuning'iniza shingoni. Rafiki yake Amiri, mfanyakazi wa stesheni ya Same, alitengenezewa sanduku lililojazwa sufi. Chai aliyoitia humo alfajiri aliikuta ingali moto mchana.

Mwaka 1951 ilikuwa zamu ya Zipora. Mama huyu mjane alikaa chini kidogo ya ndiva, bwawa la udongo ambalo wanakijiji walikusanyia maji ya mfereji usiku, wakayafungulia mashamba asubuhi. Miaka mitatu nyuma mvua kubwa ililijaza bila mtu kujua, ukuta ukapasuka, na maji yakachukua jiko lake na mbuzi wanne. Tangu hapo Zipora, na nyonga yake mbovu, alipanda mara tano kwa siku kwenda kuchungulia.

"Utajimaliza, mama," Eliwaza alimwambia.

"Bora nijimalize kwa kupanda kuliko kuchukuliwa na maji, mwanangu."

Eliwaza alirudi nyumbani akiwa ameshaanza kuwaza. Baada ya siku chache alimwendea Mzee Sefania, msimamizi wa ndiva, akamwamkia na kumweleza shauri lake. Angelaza mwanzi ukutani, vidole vinne chini ya ukingo. Maji yakifika hapo yangeingia mwanzini na kuangukia gurudumu la mbao upande wa nje. Gurudumu lingezunguka, na kila pezi lingeinua nyundo na kuiachia igonge chuma.

Sefania alimsikiliza mpaka mwisho. "Ndiva hii waliichimba babu zetu," alisema. "Haijawahi kuwekewa mchezo."

"Si mchezo, mzee. Nipe mwezi mmoja. Ukiona haifai, nitaing'oa kwa mikono yangu na kuufukia ukuta kama ulivyokuwa."

Mzee alikubali shingo upande, mbele ya wazee wenzake, ambao wawili kati yao walikuwa wakicheka.

Gurudumu la kwanza lilivimba kwa maji likakwama. La pili lilizunguka vizuri, nyundo ikagonga kipande cha reli alicholetewa na Amiri, na sauti ikafika ng'ambo ya bonde. Tatizo ni kwamba kengele ya shule nayo ilikuwa kipande cha reli. Asubuhi ile, kabla jua halijachomoza, wanafunzi themanini walijipanga mbele ya shule wakitetemeka kwa baridi, na Tumainieli akatoka akiwa na shuka mabegani, akitafuta kisanduku cha miwani kilichokuwa kifuani pake. Kijiji kizima kilicheka. Eliwaza naye alicheka, kisha akamwandikia Amiri barua. Amiri akampelekea springi kuukuu ya lori, yenye mlio mwembamba usiofanana na wa reli.

Zilikuwa zimebaki siku sita mwezi aliopewa na mzee uishe. Jumanne moja ya Aprili, saa nne asubuhi, Eliwaza alikuwa akifundisha hesabu aliposikia springi ikilia. Aliacha chaki hewani. Ndiva ilikuwa imefunguliwa alfajiri ile ile, ikaisha maji na kuzibwa tena; haikupasa kujaa mpaka usiku. Akatazama juu mlimani, akaona mawingu meusi yamelala msituni. Huko juu mvua ilikuwa imeshapiga, na mto ulikuwa unashuka.

"Darasa la nne, majembe," alisema, akatoka mbio.

Alimkuta Sefania ameshafika, amezama mpaka kiunoni, anahangaika na kizibo. Walikivuta pamoja mpaka kikachomoka. Tumainieli na wanafunzi wakubwa walikimbilia juu kuuziba mfereji, mto uendelee na njia yake. Wanaume waliotoka mashambani wakakata migomba na kuijaza pale ukuta ulipoanza kumegeka. Muda wote huo springi ililia bila kuchoka, na kila aliyeisikia alikuja.

Adhuhuri maji yalianza kupungua. Ukuta ulikuwa umesimama. Huko chini nyumba nane zilikuwa salama, mahindi yamesimama, na Zipora ameketi mlangoni pake amekumbatia mwanambuzi.

Jumapili baada ya ibada, Sefania alisimama mbele ya watu, jambo ambalo hakulizoea.

"Mwalimu huyu nilimwona anacheza," alisema. "Nilikosea. Kuanzia leo ana kiti kwenye baraza la maji."

Hakuna mwanamke aliyewahi kukalia kiti hicho. Eliwaza aliinama kidogo kwa heshima, lakini Zipora aliyekuwa kando yake alipiga kigelegele, na wanawake wote wakapokea.

Kabla ya Krismasi wajumbe wa vijiji vitatu, mmoja wao kutoka Maore kule bondeni, walikuwa wamefika kumwomba awajengee kengele kama ile. Aliwakubalia wote, kwa sharti moja: waje wenyewe, washike misumari.