Bakuli la Majani Mabichi

Sambusa ndizo zilizoniponza. Nilizinunua kwenye mgahawa ulio chini ya jengo letu, mtaa wa Karama, nikazitoa kwenye mfuko wa karatasi, nikazipanga kwenye sahani yangu mwenyewe na kuzifunika kwa kitambaa safi. Kisha nikaenda nazo kwa miguu hadi Al Mankhool, nikitembea kama mtu aliyeamka alfajiri kukanda unga.

Huko Al Mankhool, kila Ijumaa baada ya sala, tulikuwa tunakutana nyumbani kwa mama mmoja wa Kizanzibari aliyekuwa ameishi Dubai miaka mingi kuliko wengi wetu tulivyoishi duniani. Sote tulimwita Bi Mkubwa. Walikuja waliotoka msikitini na waliotoka kanisani, maana huko hata kanisani watu walikwenda Ijumaa: madereva, mayaya, wauza duka, wafagiaji. Sharti la nyumba lilikuwa moja tu, uje na chakula ulichokitengeneza kwa mkono wako. Kiwe kidogo au kingi, kitamu au kibaya, mradi ni chako.

Mimi nilikuwa nimeshaleta soda mara mbili na mkate wa duka mara moja, kwa hiyo siku ya sambusa nilikuwa tayari ninatazamwa kwa jicho la pembeni. Bi Mkubwa aliuma moja, akatafuna taratibu, akaniuliza nimetia nini ndani. Nikamjibu bila kusita kwamba nimetia nyama ya kusaga. Zilikuwa za viazi na njegere.

Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje kupumua. Yeye hakucheka. Alifuta vidole, akaniambia kwamba sebule yake haipanuki, kuna wageni wanaosubiri kukaribishwa, na hawezi kumwacha nje mtu anayepika ili amkalishe anayenunua na kudanganya. Nisirudi mpaka niwe na kitu changu.

Hapo mdomo wangu ukajiendea wenyewe. Nikasema nina bustani.

"Bustani," alisema. "Mnalala watu sita chumba kimoja. Umeilima wapi mwanangu, kwenye godoro?"

Nikasema ndiyo kwanza inachipua. Akasema vyema, Ijumaa ya mwisho ya Machi atanipokea mimi na mazao yangu. Baada ya hapo joto linaanza, yeye huenda kwao Unguja, na asiyekuwamo siku hiyo asitegemee kuitwa watu watakapoanza kukutana tena. Nimletee kachumbari tu, alisema, hahitaji makubwa.

Tulikuwa mwanzoni mwa Februari. Nilishuka ngazi nikiwa sina hata mbegu moja.

Ningeweza kuacha. Nilikuwa nimeshaacha mambo mengi kabla ya hapo, nikianza na shule nikiwa darasa la sita, na baadaye miji, kazi na watu. Lakini siku nyingine zote za wiki nilikula kwenye bakuli la plastiki, nimekaa kitandani, magoti yamekutana na kidevu. Ijumaa nilikula wali wa nazi mezani, na nikichelewa mtu aliuliza niko wapi. Sikutaka mahali hapo apewe mtu mwingine.

Bahati nzuri kazi niliyokuwa nayo msimu ule, ya tano tangu nifike, ilikuwa ya kutunza bustani za majumba ya watu. Kazi yenyewe ilikuwa kukata nyasi na kuokota majani yaliyoanguka, lakini nilikuwa na tabia ya kuuliza maswali mpaka msimamizi akanipachika jina la redio. Ndiye aliyenieleza kwamba kule watu hupanda mboga wakati wa ubaridi, na kwamba Februari ni kama treni inayofunga milango: ukirukia leo unaweza kuiwahi. Siku hiyohiyo alitaka kutupa trei la miche ya nyanya iliyorefuka kupita kiasi. Nikamwambia nitaitupa mimi. Niliitupa kwenye begi langu.

Mgahawa wa sambusa ulinipa ndoo tupu za achari. Nilizitoboa kwa msumari wa moto na kuzipandisha juu ya paa la jengo. Mlinzi wa jengo, mzee wa Kihindi aliyeshika ufunguo wa paa, alikubali kutoona chochote kwa sharti kwamba nimpandie nanaa ya chai yake. Nikapanda nanaa, nyanya, figili, na jarjiri, ile mboga ya majani ambayo Waarabu huila mbichi na ambayo huota upesi kana kwamba inafukuzwa.

Likabaki suala la maji, na hapo ndipo udadisi ulipoanza kunipeleka pabaya. Nilikuwa nimegundua kwamba kwenye uchochoro nyuma ya jengo, pamoja na vumbi lote lile, palikuwa na kichaka kimoja cha kijani kilichonawiri kuliko bustani zote nilizokuwa ninalipwa kuzitunza. Kilikuwa chini kabisa ya bomba la kiyoyozi la mtu. Nilikichunguza kwa siku tatu, nikafikia uamuzi, bila kumuuliza yeyote, kwamba maji ya kiyoyozi yana kitu ambacho maji ya bomba hayana. Miche yangu ingekunywa hayo tu.

Tatizo ni kwamba Februari hakuna anayewasha kiyoyozi. Dirisha likiwa wazi, hewa inatosha. Kwa hiyo kila nilipotoka kazini nilifunga dirisha, nikawasha chetu na kukishusha mpaka mwisho wa baridi, nikaweka ndoo chini ya bomba. Wenzangu walipouliza, niliwaambia fundi kasema kikikaa kimya muda mrefu kitakufa, na Juni tutalia. Hakuna neno linalowatisha watu wa Karama kama Juni. Walinyamaza, wakavaa soksi.

Wiki ya pili mmoja alilala na koti. Wiki ya tatu Mkenya aliyelala kitanda cha chini yangu, mlinzi wa duka kubwa, mtu wa Meru, akaanza kukohoa. "Buda, nimetoka Mlima Kenya nikaja jangwani," aliniambia akiwa amejifunika blanketi kichwani, "na bado nakufa na baridi. Huyo fundi wako ako wapi nimsalimie?"

Nikamwambia fundi amesafiri. Machi ilipokaribia mwisho, kule paani nyanya zilikuwa zimeanza kubadilika rangi. Zilikuwa tisa. Nilizijua moja moja kama watu.

Kosa langu lilikuwa kusahau kwamba kazi ya yule Mkenya huko dukani ni kufuata watu wanaotembea na vitu bila maelezo. Alhamisi, siku moja kabla ya siku yangu, nilipanda paani jioni na kukuta vikonyo tisa vya nyanya vimepangwa kwa mstari ulionyooka kwenye ukingo wa ndoo. Nilishuka mbio. Alikuwa amekaa kitandani anakula ugali wake kwa utulivu, na sahani ina chumvi na mbegu.

"Tano ni za baridi," alisema. "Nne ni za kikohozi. Khalas, tumemalizana."

Nilimweleza yote, sambusa, Bi Mkubwa, kesho. Alisikiliza mpaka mwisho, na nadhani kidogo alijuta, maana aliacha kutafuna. Kisha akaniuliza si kuna majani kule juu. Nikamwambia majani ni ya mbuzi. Akasema bosi wake hula majani kila siku saa sita na hajaota pembe.

Kweli, hata mimi nilikuwa nimeona hivyo. Kwenye nyumba moja tuliyokata nyasi, madam alikuwa akila bakuli zima la majani mabichi, ameyakamulia ndimu, na mimi nilimchungulia kupitia ua nikishangaa kwamba tajiri anaweza kukosa mtu wa kumpikia. Sasa nilijaribu kukumbuka kila alichokuwa nacho kwenye lile bakuli.

Ijumaa asubuhi nilivuna. Niliosha jarjiri mara tatu, nikakata figili nyembamba mpaka zikapitisha mwanga, nikachuma nanaa nyingi kuliko ilivyohitajika. Kitunguu nilikikamua kwa chumvi kama mama yangu alivyokuwa akifanya, nikakisuuza ukali ukatoka. Nilimwagia ndimu na mafuta kidogo, nikaonja. Ilikuwa nzuri. Nasema hivi kwa sababu hakuna mwingine aliyewahi kuionja ikiwa hivyo.

Nilifika mapema. Bi Mkubwa alikuwa bado chumbani akisali. Jikoni alikuwapo dada mmoja wa Mbeya, yaya kwenye nyumba ya watu huko Jumeirah, ambaye siku yake pekee ya mapumziko ilikuwa hiyo, na aliitumia kupika tena. Niliweka bakuli langu karibu na jiko, nikasalimia. Kabla sijaeleza chochote akaniambia barafu imekwisha, niwahi dukani. Nikaenda. Foleni ilikuwa ndefu.

Niliporudi bakuli langu lilikuwa tupu, limeoshwa, limefunikwa kifudifudi. Jikoni palinukia dawa ya meno.

Dada wa Mbeya alinigeukia na mwiko mkononi, ana furaha ya mtu aliyetenda wema. "Kaka, nimekusaidia," alisema kwa sauti ya chini, ili wa sebuleni wasisikie. "Nimeona umeleta mboga haijaiva, nikajua huko mnakokaa mnagombania jiko. Nimeitia tui zito, usiwe na wasiwasi. Hakuna atakayejua."

"Ilikuwa saladi," nilimwambia.

Alitazama sufuria, akanitazama mimi. "Saladi gani haina nyanya?"

Nikaweka barafu chini, nikafunua sufuria.

Chakula kiliandaliwa. Palikuwa na pilau, maharage ya nazi, chapati za Mganda mmoja zilizosifiwa kila wiki, na katikati, kwenye bakuli la udongo la Bi Mkubwa mwenyewe, palikuwa na kitu cha kijani kilichokolea, kinachong'aa mafuta, na vipande vya figili vikielea kama kucha. Mtu wa kwanza alijipakulia kijiko, akaonja, akatafuta leso. Wa pili alisema tu "inshallah", sijui kwa maana gani. Ilikuwa chungu kwa jarjiri, chachu kwa ndimu, tamu kwa nazi, na nanaa ikipita juu ya vyote ikikupoza meno.

Bi Mkubwa alionja mwisho. Akameza, akanywa maji, akaweka kijiko chini.

"Hiki cha nani?"

Dada wa Mbeya alikuwa anasoma sakafu. Nami, nakiri, nilianza kupiga hesabu zangu za kawaida. Nikinyamaza, bakuli litakosa mwenyewe na litamwagwa, lakini nitakuwa nimekuja mikono mitupu, na leo ndiyo leo. Nikisema nimepika mimi, ni sambusa zilezile tena. Nikimtaja dada, nitamwaibisha mtu aliyefanya kazi siku yake ya kupumzika kwa sababu alinihurumia. Nilitafuta uongo mzuri kila pembe ya kichwa, mahali ambapo kwa kawaida huwa haukosekani, nikakuta pamefagiliwa.

"Changu," nilisema.

"Umepika wewe?"

"Nimepanda mimi, Bi Mkubwa. Nimechuma mimi, nimekata mimi. Jikoni sikuwapo."

Ndipo dada wa Mbeya akainua uso. "Mimi ndiye niliyeyatia motoni," alisema. "Yalikuja mabichi yametiwa ndimu. Nilidhani kaka hana jiko."

Mganda wa chapati ndiye aliyeanza kucheka, kisha wote. Bi Mkubwa alingoja wamalize. Akaniambia nionyeshe mikono. Nikaiweka mezani, na ingawa nilikuwa nimeisugua asubuhi nzima, udongo ulikuwa bado umejaa chini ya kucha, mweusi, na vidole vilikuwa vya kijani kwenye ncha.

"Kucha hizi si za mgahawani," alisema. "Haya. Nafasi yako ipo, na tukirudi msimu ujao utaikuta."

Nilishusha pumzi, nikanyoosha mkono kuelekea pilau. Akaisogeza upande wa pili wa meza.

"Chakula cha mtu hakimwagwi nyumbani kwangu," alisema. "Mwenyewe yupo, bakuli hilo, kijiko hicho. Ukimaliza ndiyo utakula pilau."

Nilianza. Vijiko vya kwanza ndivyo vigumu, baadaye ulimi unakata tamaa. Watu walikula wakiniangalia kama mpira kwenye televisheni, wakihesabu vijiko kwa Kiswahili cha nchi tatu. Nilipofika katikati, dada wa Mbeya alivuta kiti chake, akaketi mbele yangu, akachukua kijiko, akaanza kula kutoka upande wake bila kuniangalia. Tulikuwa tumebakiza robo hivi Bi Mkubwa alipopita na birika la chai, akachungulia bakuli letu, akauliza kwa upole kabisa kama tungependa atuongezee tui.