Paa Lililoezuliwa kwa Habari za Tabora

Ninyi vijana mtakaoyasoma haya, najua mna redio. Jioni mnakaa kimya mnaambiwa wapi kutanyesha na wapi jua litawaka, mji kwa mji, kisha mnalala na nguo zenu ziko kambani. Siwakatazi. Ila msidhani mmeanza ninyi. Siku za Mdachi, nikiwa mwanamke kijana hapa kisiwani kwetu, Miburani, watu walikaa nyumbani kwangu karibu wiki nzima wakijadili mvua ya nchi yote, na aliyelowa ni mimi.

Nilikuwa nimejifungua kifungua mimba wangu, na arobaini ilikuwa bado mbichi. Kwetu mzazi havuki kizingiti mpaka siku zake zitimie. Analala, anakandwa, anakunywa uji wa pilipili manga, na mtoto hapigwi upepo. Huyu wangu alizaliwa mdogo, kifua kikimlia kama mlango mbovu. Shangazi yangu, ndiye aliyenizalisha, hakunificha: akipata baridi huyu, hiyo arobaini hatutaiona naye.

Mume wangu aliyajua yote hayo. Lakini alijua pia kwamba siku ya arobaini watu watakuja kula, na paa letu lilikuwa limeoza upande mmoja hata kunguru hawakutaka kulikanyaga. Aliona haya. Makuti mapya yalikuwa yameshasukwa, yamepangwa uani. Kilichongojwa ni masika kwisha, na hapo ndipo alipoingia shemeji yangu, kaka yake mkubwa.

Shemeji alikuwa mpagazi, amebeba mizigo ya watu mpaka Tabora na kurudi. Mtu aliyefika Tabora siku zile hakuulizwa habari za Tabora tu, aliulizwa kila kitu. Basi akaulizwa hata mvua. Akasema imekwisha. Ametembea kutoka huko hadi Bagamoyo hajaona wingu, vumbi linamfika magotini.

"Nchi yote ile imekauka," akasema. "Kisiwa hiki ni nini hata kibaki na mvua peke yake?"

Mume wangu akalishika neno hilo. Akaita watu.

Kuezeka kwetu hakuna malipo. Unaalika majirani, wanaezua paa la zamani, wanaezeka jipya, nawe unawapikia wali na samaki. Desturi nzuri, siisemi vibaya. Asubuhi ile waliliezua paa zima kabla jua halijapanda, tena kwa nyimbo, maana binadamu anapenda kubomoa. Wakafunga safu za chini za makuti, mvua ikaja. Haikuwa kubwa, ilitosha kutia fito utelezi tu. Wote wakashuka, wakakimbilia banda la jiko, ambalo paa lake halikuguswa. Wifi yangu, aliyekuja kutupikia, alikuwa ameshapakua, basi wakala. Jua likatoka likawakuta wameshiba, na mtu aliyeshiba hapandi juu. Wakaaga.

Kesho yake mvua ikaanza nao asubuhi. Wakaingojea bandani, wakala, na iliposita wakawa wanasinzia. Siku nyingine jua lilichomoza safi hata nikamshukuru Mungu. Wakapanda, kikaja kiwingu kimoja, kikatumwagia sisi, kikaenda zake. Mara jua na mvua pamoja, mara manyunyu, mara joto la kuivisha embe. Kila siku na yake. Kisichobadilika ni wali, ulioiva kwa wakati.

Mimi na mwanangu walitutandia tanga kuukuu juu ya kitanda. Tanga linakamata maji kama linavyokamata upepo, linafanya tumbo. Shangazi alishinda na mwiko akilisukuma tumbo lile ili maji yaende ukutani yasije vifuani mwetu. Mume wangu alilala kwa jirani; alisema asizidishe msongamano.

Mazungumzo ya bandani niliyasikia yote. Mmoja alisema huko Lindi mito imefunga njia. Mwingine akasema Tanga kuna baridi ya kuvaa blanketi. Wa tatu, aliyetoka Bweni, akaapa kwamba kwao wanaanika mbata tangu juzi, akawacheka watu wa Ras Kisimani eti wanalala na vyura. Kisiwa ni hiki kimoja, na Bweni ni hapo tu. Shemeji akazipokea habari hizo kama kadhi anayesikiliza mashahidi, kisha akahukumu kwamba hii yetu si mvua, ni masalio ya mvua.

Shangazi akaenda kusimama mlangoni pa banda, mwiko mkononi, akamwambia shemeji:

"Mwanangu, Tabora tumeisikia, na Lindi tumeisikia. Na kitandani pa mzazi, kunanyesha au hakunyeshi?"

"Shangazi, hali ya nchi haipimwi kwa kitanda kimoja."

Wakacheka. Mume wangu naye alicheka. Sauti yake naijua.

Jioni ile mtoto akakataa ziwa. Nikambana kifuani, nikamsikia anavyovuta pumzi kwa kukwaruza, na shangazi hakutaka kunitazama usoni.

Asubuhi mvua ilikuwa imesita, mbingu nyeupe, haijaamua. Watu wakaja, wakaamkiana, wakaingia bandani kungoja shemeji anaonaje. Shemeji akaona heri wale kwanza, watazame itakavyokuwa.

Siku hiyo walipanda bila kula. Fito zilikuwa na utelezi uleule wa siku zote, wala hakuanguka mtu. Adhuhuri haijaadhiniwa, chumba changu kikaingia giza zuri la makuti mapya, na mvua iliporudi niliisikia tu. Mtoto alikaa siku mbili ndipo akanyonya sawasawa; ndiye huyo mnayemwita babu. Shemeji naye alipanda, tena alishuka akisema kwamba ukiwa huko juu unaona wazi kiangazi kinakuja.

Mnaniuliza nani aliwapandisha. Mzazi havuki kizingiti, lakini sauti yake inavuka. Nilimwita mume wangu mlangoni, nikasema kwa sauti ya kufika bandani, asikie yeye, asikie shemeji, asikie na wifi aliyekuwa ameinama kupuliza kuni:

"Moto usiwashwe jikoni leo, na mchele usiguswe, mpaka mimi nikilala chali nisione mbingu."