Kuamia Sululu

Bonde la mpunga aliloniachia mama, huku Mgogoni, lilikuwa linaingia chumvi. Kila maji ya bamvua yakijaa, bahari ilipanda hadi kwenye majaruba yangu, na mpunga ukakauka kabla ya kuchanua. Watu wakanishauri nilitupe. Mimi situpi kitu cha mama yangu kwa sababu ya maji. Nikachomeka mikoko michanga kwenye matope ya mbele, ili bahari ikute kizuizi.

Haikupita wiki, mingi ilikuwa imekatwa. Na pale pale walikuwa wakitembea sululu, ndege wa rangi ya udongo, miguu mirefu, michirizi myeusi kichwani, mdomo mrefu uliopinda kama mundu. Wakiutumbukiza mdomo matopeni, ubavuni mwa mikoko yangu. Basi nikajua mwizi nimempata.

Sisi watu wa mpunga dawa yetu ya ndege ni kuamia. Nikajenga dungu ukingoni, nikapanda na debe langu, nikalipiga na kupiga ukelele kama niko bondeni. Sululu wakaruka na mbinja zao, wakahamia ng'ambo. Wifi yangu alikuwa akipita kwenda kuokota chaza.

"Wifi, leo waamia bahari?"

"Naamia nkoko wangu. We cheka tu."

Mikoko ikazidi kukatwa. Nililia kwa hasira, nikachomeka mingine. Siku moja sauti ilinikauka, nikakaa kimya juu ya dungu. Kaa akatoka shimoni, akakata mkoko wangu kwa gando, akaanza kuuburura. Sululu mmoja akashuka, akamnyakua, akamkung'uta mpaka miguu ikamtoka, akamsuuza kwenye kidimbwi, akammeza. Kisha akaenda kuchungulia shimo la pili.

Kumbe nilikuwa nafukuza vibarua wangu mwenyewe.

Dungu sikulibomoa. Mbwa wakija kuwakimbiza sululu, au watu na mawe yao, debe linalia. Wifi bado ananiuliza naamia nini, nami namjibu, "Naamia sululu," na yeye hucheka mpaka akae chini.

Mwaka huu mikoko imenifika kifuani. Bamvua iliyopita, maji yaliingia jaruba la kwanza, la pili hayakulifika. Jana nimeloweka mbegu za mpunga.