Mshale wa Kutolea Damu

Siku yangu ya kwanza kazini kule Kikopey, miaka ile ya hamsini, nyapara wa wachungaji alinipa upinde bila mshale. Shamba lilikuwa la mzungu, lakini nyapara alikuwa na ng'ombe wake wachache, na ndiye aliyewapiga mshale shingoni, bila kuwaua, kututolea damu ya kunywa na maziwa. Macho yake yalianza kuchoka, akataka mtu wa kumrithi.

"Unashika upinde ni kama unanyonga kuku," aliniambia. "Legeza mkono. Upinde haitatoroka."

Wiki nzima nilijifunza kuuacha upinde utulie kwenye kitako cha kidole gumba cha kushoto, vidole vingine vikiugusa tu. Mkono wa kulia ulivuta uzi kwa vidole viwili. Mwindaji huvuta mpaka shavuni. Sisi tuliishia kifuani, maana tulisimama hatua moja tu kutoka kwa ng'ombe. Shingo yake ilifungwa ukanda wa ngozi hadi mshipa uvimbe. Mshale ulikuwa na kipande cha mti karibu na ncha ili usizame, ila ukivuta kupita kiasi, ng'ombe anakufa.

Kabla sijapiga hata mmoja peke yangu, mke wangu Chebet alijifungua na kupoteza damu nyingi. Nyapara alikuwa Keringet kwenye mazishi. Wakunga wakanituma damu ya ng'ombe, upesi.

Nilifunga ukanda. Nikakumbuka kuku aliyenyongwa, nikalegeza vidole, nikapiga. Damu ikaruka hadi kwenye kibuyu. Nikafungua ukanda, nikaziba tundu kwa samadi. Chebet alikunywa yote.

Nyapara aliporudi alikagua shingo ya ng'ombe, kisha akasema, "Sasa hii kazi ni yako."

Niliifanya hapo, kisha Keringet, ambako meneja aliikataza kabisa, nasi tukawa tunamngoja aende Nakuru ndipo tutoe damu. Sasa nimestaafu. Watu wanaenda hospitali, na ni vizuri, lakini naikumbuka kazi ile mpaka naumia. Natamani hata matusi ya nyapara.

Ninayemlilia ni Chebet, niliyemzika mwaka jana. Mvua ikituzuia ndani, alikuwa akinitania: "Baba Kiprono, sema ukweli. Siku ile mkono ilitetemeka?"

"Mkono wangu? Hata kidogo."

Alikuwa akicheka, nami nikakana hivyo hivyo miaka yote. Leo mvua imenyesha tangu asubuhi, na hakuna wa kuniuliza.

Mkono ulitetemeka, Mama Kiprono. Ulitetemeka sana.