Theresia na Mjukuu wa Ukoo Mwingine

Kwa hesabu ya Kiluguru, Theresia wa Nyandira hana mjukuu. Anaye msichana anayemwita bibi, mwenye pua kama yake na paji la uso la marehemu mumewe Severin, lakini huyo ni mtoto wa mwanawe wa kiume. Kwa Waluguru mtoto hufuata ukoo wa mama. Mwanamume akioa, huzaa watoto wa ukoo wa mkewe. Wa kuuendeleza ukoo wa Theresia alikuwa binti yake Prisca, na Prisca alikufa kwa surua kabla hajaanza shule.

Akabaki Godfrey. Alikuwa mtoto wa akili, na Theresia, akitaka asome, aliacha kuzungumza naye Kiluguru akiwa bado mdogo. Alimsemesha Kiswahili hata shambani, wakipanda njegere kwenye matuta yaliyosimama kama ngazi, ili asije akachekwa darasani. Godfrey akafaulu. Akateremka Morogoro kusomea kilimo, kisha akapata ufadhili wa kwenda Marekani, jimbo la Oklahoma, kusomea malisho ya mifugo. Severin alikwisha kufa wakati huo. Theresia alimsindikiza mwanawe mpaka pale magari ya kabichi yanapopakia, akampa mkono wa kuagana kama mtu anayekwenda Gairo na kurudi.

Hakurudi. Alipata kazi huko, kisha siku moja akapiga simu.

"Mama, nimepata mchumba."

"Mzungu?"

"Hapana. Ni mwenyeji wa huku, wa kabla ya Wazungu."

Theresia hakuwa amewahi kufikiri kwamba Marekani ilikuwa na watu kabla ya Wazungu. Aliuliza kama ni Mkatoliki. Godfrey akacheka, akasema anaitwa Marlene, anafundisha watoto wadogo lugha ya kabila lake, na kwamba ni mpole. Baada ya hapo walizaa msichana, wakamwita Nita.

"Nita nini?" Theresia aliuliza. "Nitakuja? Nitaondoka? Mbona jina halijaisha?"

"Kwa lugha ya mama yake ni dubu."

Theresia alimjua dubu kwa Biblia tu, wale wawili waliowararua vijana waliomcheka Elisha. Akaona si vizuri kulisema hilo juu ya mtoto mchanga.

Godfrey alimtumia simu ya kuonana uso kwa uso, naye akajifunza kuitumia mwenyewe. Mtandao Nyandira hukamata vizuri kwenye kona moja ya shamba, karibu na zizi la mbuzi, kwa hiyo mazungumzo yao yote yalisikika pamoja na mbuzi. Nita alipoanza kusema, alisogeza mdomo karibu na kioo akasema, "Chokma."

"Good morning," Theresia akajibu, akidhani ni Kiingereza.

Godfrey alimweleza. Hiyo ni salamu ya watu wa Marlene. Wazungu huandika Chickasaw, wenyewe hujiita Chikashsha. Zamani waliishi mashariki, kwenye nchi ya mito na misitu, mpaka serikali ilipowahamisha kwa nguvu na kuwapeleka Oklahoma, na wengi walikufa njiani. Wanaoijua lugha yao tangu utotoni, alisema, wamebaki wazee wachache sana. Wasingejaza hata viti vya mbele vya kanisa la Mgeta. Ndiyo maana Marlene anawafundisha watoto.

"Vizuri," Theresia alisema. "Na Kiluguru? Wewe unamfundisha?"

Godfrey alitazama pembeni. "Mama, mimi mwenyewe kimenitoka. Namfundisha Kiswahili kidogo. Nita, mwamkie bibi."

"Shikamoo bibi," mtoto akasema.

"Marahaba, mwanangu."

Basi ikawa hivyo kwa miaka. Shikamoo, marahaba, chokma. Kisha mtoto hukimbilia michezo yake, na Theresia hubaki na mwanawe, na baadaye hubaki na mbuzi.

Habari ya kifo ilikuja asubuhi, wakati anachuma njegere. Moyo wa Godfrey ulisimama akiwa kazini. Aliyepokea maneno ya Marlene na kuyageuza kwa Kiswahili alikuwa jirani, mwalimu Ester wa shule ya msingi, maana Marlene alikuwa akilia na Kiswahili chake kidogo kilimpotea. Ester aliyasema polepole, amemshika Theresia bega.

Kaka yake Theresia, mzee Ignas, alipanda kutoka Langali siku hiyo hiyo. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo, na kwa mila ndiye mjomba mwenye sauti juu ya Godfrey.

"Mtu wetu arudi," alisema. "Mwanamume hata akioa mbali ni wa kwa mama yake. Kaburi lake liko hapa."

Lakini kusafirisha mwili kutoka kule lilikuwa jambo la matajiri. Ukoo ulikaa, ukazungumza, ukakosa jibu. Marlene alipopiga tena, alisema amekwisha kumzika.

"Anasema amemlaza karibu na kaburi la mama yake yeye, Marlene," Ester alitafsiri. "Anasema hakutaka alale peke yake."

Theresia alitazama chini ya miguu yake. "Mwambie nimesikia."

Matanga yalikaliwa bila jeneza. Wanajumuiya walisali rozari, wakala, wakaondoka. Hakukuwa na udongo wa kutupia wala mahali pa kupanda maua. Theresia alikuwa amezoea kuzungumza na Severin makaburini akitoka misa ya Jumapili. Kwa Godfrey hakujua ageukie upande gani. Wakati mwingine alisimama kwenye ile kona ya mtandao, simu mfukoni imezimwa, akitazama ukungu unavyopanda kutoka bondeni na kufunika kabichi.

Mwaka uliofuata, majira ya baridi, Marlene alikuja na Nita.

Walifika wamekaa mbele kwenye gari la mizigo, wamepauka vumbi la njia ya Mgeta. Marlene alikuwa mwanamke mnene, mweusi wa nywele, wa umri wa Godfrey. Alipiga magoti mbele ya Theresia, jambo ambalo Godfrey lazima alimfundisha, akasema kwa Kiswahili alichokikariri safari nzima: "Mama, nisamehe. Nilimzika mwanao bila wewe." Theresia alimwinua. Hakusema amesamehe. Alimvua mtandio uliojaa vumbi, akaukung'uta, akamrudishia, kisha akamchukua Nita na kumkumbatia kwa muda mrefu kiasi kwamba mtoto alianza kujinasua.

Sasa, Theresia alikuwa na tumaini ambalo hakumwambia mtu. Alijua kwamba Wazungu, na makabila mengi ya Tanzania, humhesabu mtoto kwa baba. Aliwaza kwamba kama watu wa Marlene nao wanahesabu hivyo, basi Nita ni wa Godfrey. Na kama ni wa Godfrey, na Godfrey ni wa kwake, huenda wazee wangekubali kumfungulia mlango. Angekuwa na mtu. Hata kama mtu huyo yuko ng'ambo ya bahari, lingekuwako jina la kutajwa wazee wanapokaa kuzungumzia shamba.

Siku ya pili Ignas alikuja kuwaona wageni. Walikaa uani kwenye jua, wanawake wakimenya njegere. Baada ya salamu Ignas alimuuliza Marlene, kupitia kwa Ester, swali ambalo kila mzee wa Kiluguru angeuliza.

"Mtoto huyu, kwenu mnamhesabu wa nani?"

Marlene alifikiri kidogo. "Siku hizi makaratasi yanasema mambo yake," alijibu. "Lakini kwa mila ya wazee wetu, mtoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba ndiye aliyekuwa akimlea na kumfunza, kuliko baba."

Ester alipotafsiri, Ignas alipiga paja kwa furaha. "Hawa ni Waluguru! Dada, umesikia? Ng'ambo yote ile, na wanafuata mama kama sisi!" Akainuka kwenda kumpa Marlene mkono. Ester alicheka. Marlene naye, alipoelewa, akacheka huku machozi yanamtoka, akasema Godfrey alikuwa amemwambia, na ndicho kitu cha kwanza kilichowafanya wazungumze.

Theresia aliendelea kumenya. Ganda, punje, ganda, punje. Ignas alipomtazama, aliacha kucheka.

"Ndivyo ilivyo, dada," alisema kwa Kiluguru, kwa sauti ya chini.

"Najua ndivyo ilivyo," Theresia akajibu. "Nimezaliwa humu."

Nita, aliyekuwa akichezea maganda, alivuta mkono wa Ester akauliza Waluguru maana yake nini. Swali lilimfikia Theresia, naye akashukuru kupata la kusema.

"Lugulu ni mlima. Sisi ni watu wa milimani. Lakini nasikia wazee wetu hawakujiita hivyo, walijiita kwa koo zao. Hilo la milima tuliitwa na watu wa chini, nasi tukaitika. Na nyinyi, hilo Chikashsha ni nini?"

Marlene aliweka sahani chini. Alisimulia kama anavyowasimulia watoto wake wa shule, na Ester akimfuata nyuma. Zamani kabila lao na kabila la jirani walikuwa watu wamoja, wakikaa mbali magharibi. Walikuwa na viongozi wawili, ndugu wa mama mmoja, Chiksa' na Chahta. Maadui walipowazidi, wakaamua kuhama. Walikuwa na mti mrefu mtakatifu; kila jioni waliusimika ardhini, na asubuhi ulikoinamia ndiko walikokwenda. Mbele yao alitangulia mbwa mkubwa mweupe akiwalinda. Walitembea hivyo mwaka hata mwaka, wakivuka mito, wakizika watu wao njiani. Mpaka asubuhi moja waliukuta mti umetikisika, kisha ukasimama karibu wima. Chahta akasema, tumefika. Chiksa' akasema, haujasimama sawasawa, twende mbele. Hawakupatana. Waliomfuata Chiksa' wakaenda, na jina lake likawa jina lao. Ndio Chikashsha. Wengine husimulia vinginevyo, Marlene alisema, na wapo wasomi wanaolitafutia jina hilo maana nyingine, lakini yeye alilelewa na hii.

Ignas alikuna kidevu, akasema ni hadithi ya kweli, maana ndugu ndivyo walivyo.

"Na mama yao?" Theresia aliuliza.

"Nani?" Ester akauliza.

"Mama wa hao wawili. Walipoachana, alimfuata yupi?"

Ester alitafsiri. Marlene alimwangalia Theresia.

"Sijui," alisema, kwa Kiswahili chake mwenyewe. "Hadithi haisemi."

Theresia aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetegemea jibu hilo, akainuka kwenda kupika.

Walikaa muda wa kutosha Nita kujua njia ya kisimani na majina ya mbuzi wote wawili. Siku ya kuondoka Marlene alimshika Theresia mikono akamwomba aje Oklahoma, aone kaburi. Theresia akasema atakuja, na wote wawili walijua ni maneno ya kuagana. Nita alipunga mkono kutoka dirishani mpaka gari likazama kwenye kona.

Mwanzoni simu zilikuja kila Jumapili. Kisha Nita akakua, akawa na masomo na mpira, na Jumapili nyingine zikapita kimya. Kiswahili chake kilipungua, maana wa kusemezana naye hakuwepo. Lugha ya mama yake ndiyo iliyoongezeka. Mara moja alipiga akiwa na furaha kubwa. Marlene alieleza, kwa Kiswahili chake kidogo, kwamba walikuwa na mashindano ya lugha, na Nita alikuwa amesimama mbele ya watu. Alitaka bibi asikie. Akayasema yote, maneno marefu yenye kukatika katikati kama mtu anayeruka mawe ya mtoni, na Theresia hakuelewa hata moja.

Alipomaliza, Theresia alitafuta la kumjibu. Kiswahili mtoto hakijui tena, Kiingereza yeye hakijui. Akaanza kusema Kiluguru. Alimweleza kwamba mbuzi mmoja amezaa, kwamba mvua imeng'oa tuta la juu, kwamba baba yake alipokuwa mdogo aliogopa radi na kujificha chini ya kitanda. Hakuwahi kumwambia Godfrey mambo hayo kwa lugha hiyo. Nita alisikiliza kimya, macho makubwa, bila kukimbia. Kisha mtandao ukakata, na Theresia akabaki ameishika simu, kinywa bado kina maneno.

Siku nyingine Marlene alituma picha ya jiwe la kaburi, limewekwa baada ya kungojwa sana. Ester alimsomea. Kulikuwa na Kiingereza, kulikuwa na maneno ya Chikashsha, na chini kabisa, kwa Kiswahili: mwana wa Theresia. Theresia aliomba asomewe tena huo mstari wa mwisho. Halafu akauliza kama huko watu wanaopita makaburini wanaweza kuusoma.

"Sidhani, Mama Godi," Ester alisema.

Mwaka huu wazee wameamua. Kwa kuwa nyumba ya Theresia haina binti, shamba lake litakwenda kwa Catherine, mjukuu wa mdogo wa mama yake, kutoka Kikeo. Ignas alikuja kumwambia mwenyewe, akijiandaa kwa maneno makali. Theresia alimsikiliza akasema ni haki, aje tu, hata kesho, maana yale matuta ya juu yamemshinda.

Catherine amekuja na mume wake na watoto wawili. Ni mwenye heshima, huamka mapema, hataki kumwona Theresia akibeba ndoo. Redio huimba kutwa, nguo za watoto zimeanikwa ua mzima, na chumba cha Godfrey kimewekwa mapazia mapya. Watu wakitoka misa humwambia, "Mama Godi, afadhali sasa una watu."

Naye hujibu, "Ninao." Kisha huwapisha watangulie, akashika njia ya makaburini.